Kipande cha Buluu cha Chini

Shemeji yangu ni fundi viatu, ila sisi tunamwita Refa. Jumapili mchana husukuma soli na makopo ya gundi pembeni, tukacheza vita vya mezani. Kila mtu ana mhusika wake, anasema anachofanya, dadu inaamua, na Refa anasimulia kilichotokea. Kwa sheria ni kichwa ngumu, sijaona mfano wake. Umlilie, umtukane, anakutazama tu.

Ngozi zinazobaki kazini hukata vipande na kuviweka chini ya kisanamu cha mhusika wako: nyekundu ni sumu, buluu ni kinga.

"Kinga mbili hazijumlishwi," hutuambia. "Kubwa ndiyo inafanya kazi. Ndogo inalala chini yake, inasubiri. Na aliyeiweka akifa, inazimika."

Dada yangu, mkewe, ndiye aliyekuwa tabibu wetu. Kuna siku Refa alimpunguzia pigo kwa sababu ya mapenzi tu. Dada akaja juu: "Ukinionea huruma sichezi tena! Nipige kama wenzangu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jumapili yake ya mwisho alimwekea mhusika wangu, askari, kinga, kisha akasema amechoka, tukaviacha vita katikati. Hakurudi tena mezani.

Tulimzika. Refa neno lile hakulitamka hata mara moja. Wateja wakimuulizia, alijibu, "Mama hayupo," utadhani ametoka kununua chumvi. Mezani alisema tabibu amebaki nyuma ya ukuta. Iliniudhi, na iliniuma zaidi ya kuniudhi, lakini niliendelea kurusha dadu.

Jumapili iliyopita binti yao alikaa kwenye kiti cha mama yake na mhusika mpya. Akanipa kinga kubwa. Refa akaweka kipande cha kinga hiyo juu ya kile cha zamani, cha dada. Jitu la adui likapiga, kinga ya binti ikavunjika pigo likiwa bado linakuja, Refa akakitoa kipande. Chini yake kikabaki kile kidogo cha buluu, kingo zimeanza kujikunja.

"Ya mama bado ipo," binti akasema. "Si ulisema inasubiri, baba?"

Refa akanyoosha mkono, akaurudisha. Nikaona anakwama.

"Mimi nakimbia, shemeji," nikasema. "Nimeghairi. Askari wangu anatoka vitani."

"Zamu yako imepita," akajibu.

Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia. Alikitazama kipande kile, akibandua gundi kavu vidoleni, na najua alikuwa anamsikia dada yangu akimfokea.

"Aliyeiweka..." Akaanza upya. "Aliyeiweka amekufa. Mama yako amekufa, mwanangu."

Akakichukua kipande. Binti akaangua kilio. Refa akamvuta kifuani kwa mkono mmoja, huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mkono mwingine, wenye kipande, aliufumba na hakuufungua.

"Shemeji," akaniambia, "pigo limekupata."

Nikamlaza askari wangu mezani.