Mkerezaji Mwenye Ufunguo Shingoni

Majirani walimwita Masafa, kwa sababu miaka thelathini aliendesha malori ya safari ndefu na nyumbani akawa kama mgeni. Sasa safari yake ilikuwa hatua kumi na nne, kutoka mlango wa jikoni hadi kibanda cha uani alikofunga mashine ya kukerezea mabakuli ya mti, inayozungusha gogo huku patasi ikilichonga.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alipostaafu, kumbukumbu zilianza kumponyoka moja moja, mpaka jina la mumewe nalo likaenda. Mara mbili alitoka akapotea. Mara ya pili walimkuta kando ya barabara kuu, miguu pekupeku, akiwapanga mstari watoto wasiokuwepo. Tangu hapo Masafa alilitia geti kufuli, ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kila asubuhi mkewe alijitokeza na mkoba begani.

“Mlinzi, nifungulie. Nimechelewa kazini.”

“Leo Jumapili, mwalimu.”

“Jana ulisema hivyohivyo.”

Kweli, Masafa alikuwa amesema.

Wakata miti walimletea magogo yaliyoangushwa siku hiyohiyo. Aliyapenda mabichi: patasi inapita kama kwenye sabuni, maranda yanatoka marefu na kumlowesha ndevu. Lakini gogo bichi halina subira. Ukishalichimba, ulimalize, ukiliacha wazi upepo ulipige, muda si mrefu linaanza kufanya nyufa.

Siku moja alikuwa akikereza kipande cha mparachichi, mashine ikinguruma, hasikii la mtu. Alipoizima akasikia kelele getini. Mkewe alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, na nje watu wamejaa.

“Nisaidieni! Mwanamume huyu simjui. Amenifungia!”

Dada mmoja aliyehamia mtaani karibuni alikuwa na simu mkononi. “Mzee, fungua sasa hivi, au naita polisi.”

“Ni mke wangu.”

“Mbona anasema hakujui?”

Fundi cherehani wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja kueleza. Watu wakaondoka wakitazama chini, yule dada akiomba radhi. Lakini mkewe hakuziachia zile nondo. Alilia bila sauti. Masafa alisimama nyuma yake, maranda yamemjaa kichwani, akajiona kweli mlinzi wa jela.

Akampigia simu binti yao.

“Baba, mlete kwangu.”

“Kwako ghorofa ya nne. Na wewe si utamfungia tu?”

“Sasa utafanyaje?”

“Sijui, mwanangu. Nimechoka.”

Neno hilo hakuwahi kulitamka.

Kesho yake mapema alianza bakuli jingine. Alikuwa katikati ya kulichimba mkewe alipokuja na mkoba. Masafa akazima mashine, akafungua geti.

“Nakusindikiza, mwalimu.”

Mkewe akatangulia. Kila kona aliikata bila kusita, mpaka kwenye ukuta wa shule. Ndani watoto walikuwa wakisoma silabi kwa pamoja. Alisikiliza, uso umekunjamana.

“Darasa langu lina mwalimu,” alisema.

“Ndiyo.”

“Anakwenda haraka mno.” Kisha akamshika mkono. “Turudi.”

Njiani mkewe alisimama kutazama kila kitu, wakafika nyumbani adhuhuri. Lile bakuli lilikuwa limepasuka kutoka ukingoni hadi kitakoni. Masafa akalitupa kwenye kuni, akafunga geti.

“Unafunga tena?” mkewe aliuliza.

“Nafunga.”

Walikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Alijifunza kuliacha bakuli nene, kulizika ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake mabichi ili likauke polepole, na kulimalizia baada ya miezi. Kuna asubuhi alitamani kumwacha pale ukutani, yeye aende tu mbele, asigeuke. Alijichukia kwa wazo hilo, nalo halikuacha kumjia.

Kisha miguu ya mkewe ikakataa. Siku hizi anamweka kwenye kiti kibandani, mbali na maji ya mti yanayoruka. Kufuli halina kazi tena, na bado Masafa hawezi kutoka. Mkewe humtazama akifanya kazi.

“Wewe fundi,” alimuuliza juzi, “huna kwenu?”

“Ninako.”

“Basi nenda, wanakungoja.”

Masafa akainama, akaiwasha mashine.