Nungunungu Mwenye Maneno ya Koleta

Ukishuka Nyakanazi ukauliza wapi pana wali wa moto na maharage yaliyoungwa yakaungika, utaelekezwa kwa Koleta, kibanda cha tatu kutoka kituo cha mafuta. Mimi Suzan nakaanga chapati kibanda cha pili, na nasema hivyo ingawa wateja tunawagombania. Miaka kumi na mmoja tumevuta moshi mmoja. Kwa hiyo haya sikuyaokota kijiweni. Nilikuwepo, na mpaka leo yananichoma.

Koleta hakuzaliwa na mama anayemwita mama. Mwaka ule barabara ya Ngara ilipojaa watu waliokimbia vita, Restituta, mkulima wa Nyarubungo, alikuwa amekwenda huko kuuza maharage. Akamkuta kando ya njia mtoto wa miaka mitatu hivi, yuko peke yake, amekumbatia furushi la kitenge. Alimchukua, akambatizisha, akamlea. Nyarubungo nzima inalijua hilo na hakuna anayelisema kwa ubaya.

Walilolijua wao wawili tu ni jingine. Koleta alipokuwa na miaka kama saba alivunja chungu cha maji, na Restituta, aliyekuwa ametoka shamba na njaa yake, akamwambia, "Nilikuokota barabarani, naweza kukurudisha barabarani." Mtoto hakulia. Alichukua furushi lake akatoka. Jua lilipopunga Restituta alimfuata mbio hadi njia panda, akambeba mgongoni na ukubwa wake ule, huku analia na kumwomba msamaha njia nzima. Walipofika nyumbani alilifungua furushi, akakishona kile kitenge kuwa foronya ya mto. Akasema sasa huna tena cha kufungia mizigo. Koleta anaulalia mto huo mpaka leo.

Sasa aje Gidioni. Huyu ni mtafsiri wa sinema wa kibanda umiza cha hapa stendi. Sinema ya Kizungu inakwenda, naye amekaa na kipaza sauti anaongea Kiswahili juu yake, sauti zote ni zake: babu, mtoto, polisi, hata mbwa. Kiingereza chake hakijazi kijiko cha chai. Asipoelewa, na haelewi karibu kote, anajaza ya kwake. Akiishiwa anachota ya mtaani: nani kafumaniwa, nani kakimbia mke. Watu wanapenda hivyo. Kazi zake zinawekwa kwenye flashi, zinapanda mabasi mpaka Bukoba.

Kwa Koleta alikuwa akila kila siku na kumwita dada. Alipougua malaria, Koleta alimpelekea uji wiki nzima. Alasiri moja mvua imetufungia ndani sote watatu, Gidioni akasema naye kalelewa na watu baki, hajui mama yake. Akatikisa kichwa. Basi Koleta akamfungulia moyo. Akayasema yote, chungu, furushi, njia panda, mgongo wa mama, foronya. Mimi nilikuwa nakanda unga, ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasikia, na machozi yalinitoka. Yatima wetu Gidioni baadaye tulimjua vizuri: mama yake mzazi yupo Kabanga, mzima wa afya, anauza vitenge mpakani.

Haukupita mwezi akaja kutualika kwenye sinema mpya. Akatuweka benchi la mbele, na soda juu. Ilikuwa sinema ya kuchekesha ya familia ya Kizungu iliyomwokota nungunungu barabarani, ikamlea kama mtoto. Nungunungu anaongea, anakaa kwenye kochi akitoboa mito, anaogea kwenye sinki la vyombo. Tulicheka, na Koleta alicheka kuliko mimi. Kisha yule mnyama akaangusha sahani za mama mwenye nyumba. Mama akafungua mdomo, na sauti ya Gidioni ikatoka:

"Nilikuokota barabarani, naweza kukurudisha barabarani."

Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko. Nungunungu akajibu kwa sauti nyembamba kwamba basi nipe furushi langu la kitenge niende. Madereva wa malori walipigana mabega. Koleta alikuwa ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili, haiweki chini, hainywi. Nilimgusa goti, hakugeuka. Picha ikaruka, nungunungu yuko kwenye duka la pipi, na habari ya kufuatwa njia panda haikutajwa kabisa.

Nje alimuuliza Gidioni kwa nini. Hakupaza sauti. Mimi ningemrushia chupa.

"Dada, mbona jina lako sikulitaja," alisema Gidioni. "Na ile ya kufuatwa haichekeshi."

Tangu hapo kauli ile ikawa ya stendi nzima. Mchuzi ukimwagika, mtu anatishia kumrudisha mwenzake barabarani. Wanasema mbele ya Koleta, naye anapakua. Hofu yake ilikuwa moja tu: mama yake asije akasikia. Alimwomba Gidioni aifute. Gidioni akasema imeshapanda mabasi.

Restituta huja kila mwanzo wa mwezi na mkungu wa ndizi. Mwezi ule alishuka saa nne asubuhi, akautua mkungu mlangoni, akabaki amesimama. Koleta alipiga goti na kuamkia. Hakuitikiwa marahaba. Mama akasema ndani ya basi walikuwa wanaonyesha mnyama wa miiba, na majirani zake wawili waliokaa kando yake walicheka mpaka wakafuta macho. Wakamuuliza yeye mbona hacheki.

"Yule mama wa sinema hakumfuata mtoto," alisema. "Mimi nilikufuata."

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia yote."

"Ulimwambia."

Nikaingilia kati, nikaapa kwamba nilisikia kwa masikio yangu Koleta akieleza alivyobebwa mgongoni. Nilidhani nasaidia. Restituta akanitazama mimi, akamtazama bintiye, na hapo nikaelewa nimemthibitishia kwamba hata muuza chapati alikuwa anajua. Akapanda gari lililokuwa linarudi. Chai aliyotengewa ikapoa.

Jumamosi Koleta alifunga kibanda, akanunua sukari na sabuni, akaenda Nyarubungo. Mimi nilifurahi, nikasema mambo yamekwisha, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jumatatu alirudi, akawasha moto, akachambua mchele. Nilimuuliza kama mama alimfokea. Akasema hapana, alimpokea vizuri sana.

Alikuwa amepita uani kama siku zote, aingie jikoni ashike mwiko. Restituta akamzuia mlangoni, akamzungusha mbele, akamkalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, kile anachokalia padri akija. Akamchinjia kuku. Alipotaka kuinuka akachote maji, akaambiwa akae.

"Kisha akaja na birika na beseni, akapiga goti mbele yangu," Koleta alisema, mkono bado uko ndani ya mchele. "Mama alininawisha mikono, Suzan. Akasema, karibu mgeni."