Mgongo wa Marehemu Mama Katika Duka la Vioo

Saa mbili kasoro asubuhi mlango wa duka unafunguliwa nusu. Mama mmoja mfupi anaingia, kichwa kwanza, kisha mabega, mwili uliobaki ukifuata nyuma kama usio na haraka. Hawashi taa. Anasimama katikati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani, vya kabati, vya bafuni, vya saluni, akisubiri macho yazoee giza.

"Usitazame pembeni kwanza," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Tazama mbele. Ukishazoea ndipo ugeuke."

Mwandishi, kwa ubishi wa kazi yake, anageuka. Pembeni kioo kimetazamana na kioo kingine, na ndani yake wamejipanga vikongwe wenye vibyongo, mmoja nyuma ya mwingine, hadi pale mwanga unapoishia. Wote wameshika kitambaa. Kusema kweli, nywele zinasisimka.

"Si nilikwambia?" anasema, na kucheka.

Mtaa mzima unamwita Bi Kioo. Ni mjane wa miaka sitini na miwili, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake imekuwa kupangusa vioo, kuvitia kwenye fremu na kuvifunga kwa magazeti mteja akinunua. Theluthi ya mshahara wake sasa inaishia kwenye dawa. Lakini wiki hii kinachomnyima usingizi si dawa. Ni dada yake mkubwa, aliyejilaza kitandani ng'ambo ya mji na kugoma kuamka, vilevile alivyolala mama yao kabla ya kufa.

Kuielewa hofu hiyo, inabidi kurudi mwaka jana, siku marehemu mama alipoingia dukani.

"Nilikuwa napangusa kioo cha kabati," anasimulia. "Nikamwona mama anapita kando yangu. Mama yangu kabisa, na kibyongo chake, na ile shingo yake ya kuchungulia mbele. Tulikuwa tumemzika miaka tisa! Nikamwambia, 'Shikamoo mama.' Nikaona midomo yake inacheza. Ananijibu! We, nilitoka mbio hadi barabarani, kitambaa mkononi."

Alirudi, maana kazi ni kazi. Mama naye akarudi. Asubuhi alionekana amenyooka kidogo. Jioni, Bi Kioo akiwa hoi kwa uchovu, alionekana ameinama zaidi, karibu anuse sakafu. Bi Kioo alisali. Jirani akaja kusali naye. Mambo yakawa yaleyale, na mwishowe akavigeuza vioo vyote vikatazama ukuta.

Mwenye duka alimkuta mteja amesimama mlangoni anakuna kichwa.

"Bi Kioo," alimuuliza, "siku hizi tunauza vioo au tunauza mbao?"

Kulikuwa na mengine, ila hayakumtisha kiasi hicho. Msumari anaotundikia mkoba ulikuwa umepanda ukutani, akamshuku mwenzake wa dukani kuwa anamfanyia utani. Magauni yake yalianza kuburuta chini. Vijiko vitatu vya chakula, ameshiba. Ngazi za kwenda chumbani kwake alizipanda kwa kituo. Nyumbani walimwambia anamuwaza mno marehemu, apumzike.

Kisha ikaja chafya.

"Nilikuwa nimebeba kioo kidogo tu, cha kunyolea ndevu. Nikapiga chafya. Nikasikia kitu kinakatika ndani, ka! Kama kijiti kikavu," anasema. "Kioo hakikuvunjika. Nilivunjika mimi."

Hospitalini alipigwa eksrei. Pingili tatu za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimebonyea zamani. Daktari alimuuliza alianguka lini. Akajibu hajawahi kuanguka. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa, akamweleza na habari ya mama anayemtokea dukani.

Daktari hakucheka. Alimuuliza swali moja tu: huyo mama huwa amevaa nini?

"Nikafikiri," anasema Bi Kioo, na hapa anaacha kupangusa. "Nikafikiri vizuri. Alikuwa anavaa nguo zangu. Kila siku, nguo nilizovaa mimi."

Anakikunja kitambaa mkononi.

"Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mzimu ningeufukuza. Sasa mgongo wangu mwenyewe nitaufukuzia wapi?"

Daktari huyo, mwanamke mwenye sauti ya chini, anasema wagonjwa wa aina hii ni wengi na wengi wao hawajijui. Mifupa inakuwa myepesi kimyakimya, hasa kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, hadi siku ambapo kuinama, kukohoa au kunyanyua ndoo kunatosha kuvunja pingili.

"Ikishavunjika moja, hatari ya nyingine kuvunjika inapanda sana, hasa ndani ya mwaka wa kwanza," anaeleza. "Mgongo ukijikunja, mbavu zinashuka. Tumbo linabanwa, mapafu yanakosa nafasi. Halafu ndugu wanamlaza mgonjwa, kwa mapenzi kabisa. Siku chache za kupumzisha maumivu si neno. Lakini akilala miezi, misuli inakwisha, mifupa inazidi kudhoofu, makohozi yanatuama kifuani. Wengi hatuwapotezi kwa mgongo. Tunawapoteza kwa nimonia."

Mama yao alikufa akikohoa. Msibani watu walisema ni uzee, na watoto wake wakakubali. Siku alipoelezwa hayo hospitalini, Bi Kioo alilia palepale kwenye kiti cha mgonjwa, na kabla hajafuta machozi daktari akamuuliza kama ana dada.

Tangu siku hiyo amempigia dada yake simu mara nyingi. Kila mara jibu ni lilelile: naumwa mgongo tu, mdogo wangu, nimelala. Juzi jibu lilikuja na kikohozi. Bi Kioo akakata shauri.

Mchana mwenye duka anamruhusu, naye anapanda basi pamoja na mwandishi. Anachagua kiti cha mbele na hakubali kingine, kwa sababu viti vya nyuma vinarusha watu, na tuta moja linaweza kummaliza. Njia nzima ameshika chuma kwa mikono miwili.

Chumba cha dada kina pazia zito. Ndani kuna harufu ya dawa ya kuchua na kitanda kikubwa kilichotandikwa blanketi. Mwandishi anadhani mgonjwa ametoka. Halafu blanketi linasema:

"Umekuja na nani?"

Sauti ni ya Bi Kioo. Mwandishi anamgeukia kuona kama ni yeye aliyesema, na anamkuta amefunga mdomo, macho yamemtoka. Kitandani, kati ya mito, kuna mtu mdogo kuliko mtoto wa shule, na kifua chake kinapiga mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi.

"Shikamoo dada," anasema Bi Kioo.

"Marahaba. Umekuja kunipima sanda?"

"Nimekuja kukuamsha."

"Niache nipumzike. Mgongo haujaua mtu."

"Ulimuua mama, huo mgongo."

Dada anavuta blanketi hadi kidevuni.

"Mama aliuawa na kifua," anasema dada.

"Na kifua kilianzia mgongoni. Nimeonyeshwa kwenye picha, dada. Huo wako ndio wangu, na wangu ndio wa mama."

Binti wa dada, aliyeingia na bakuli la uji, anasimama mlangoni. Anataka kulia. "Mama mdogo, sisi tunamlaza ili apone. Hata kijiko tunamshikia."

"Najua, mwanangu. Hakuna anayekulaumu. Weka bakuli hapo, uje umshike upande wa pili."

Wanamgeuza ubavu kwanza, polepole, kama Bi Kioo alivyofundishwa hospitalini, kisha wanamkalisha ukingoni mwa kitanda. Dada anatweta. Jasho linamtoka. Miguu inaning'inia, haigusi sakafu.

"Nikianguka?"

"Nitakushika."

"Wewe? Mgongo wako wenyewe vipande vipande, utanishika na nini?"

Wote wawili wanaangua kicheko, na wote wawili wanashika mbavu kwa maumivu. Binti anawatazama asijue acheke au awakataze.

Bi Kioo ameshapanga mambo. Keshokutwa teksi itakuja, watakwenda kwa yule daktari, dada asikilizwe kifua na kupigwa eksrei. Dukani ameshaachishwa kubeba vioo, sasa anapangusa tu na kuhudumia wateja. Anafanya mazoezi aliyofundishwa, anameza vidonge vyake, na anasema pumzi imeanza kumrudia. Anataka dada yake naye aipate kabla ya majira ya baridi. Anataka pia binti huyu na wa kwake wapimwe mapema, wakiwa bado wamenyooka.

Dada anasimama. Anapiga hatua hadi dirishani, ameshikwa kila upande, na anavuta pazia mwenyewe. Mwanga unamwingia machoni. Anakohoa kwa muda mrefu, anatema kwenye kitambaa, kisha anavuta pumzi ndefu kuliko zote za mchana ule.

"Mama alikuwa akituomba tumkalishe," anasema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Tukamwambia alale."

 Bi Kioo anamshikilia kiwiko. Dada anatazama nje kwa kitambo, halafu anamgeukia mdogo wake.

"Keshokutwa usichelewe," anasema. "Utanikuta nimekaa."