Mikono ya Bibi Lascombe

Kwa miaka minne, nusu ya mabibi wakubwa waliochorwa mjini Bath, Uingereza, walikuwa na mwili mmoja. Nyuso zilikuwa zao wenyewe. Lakini kuanzia shingoni kushuka chini, mabega, kiuno, mikono iliyolazwa mapajani kwa madaha, vyote vilikuwa vya Keziah Bulpitt, binti wa mfumaji wa Frome, ambaye hakuwa na gauni la hariri hata moja.

Kazi hiyo aliipata kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mshonaji katika duka la magauni, alipotumwa kupeleka gauni la buluu kwa mchoraji Ambrose Thirkettle. Mwenye gauni alikwisha kuchorwa uso, akachoka kukaa, akaagiza mengine yamaliziwe bila yeye. Ndivyo walivyofanya karibu wote. Thirkettle akalivisha gauni sanamu lake la mbao na kuanza kupaka rangi. Keziah, badala ya kwenda zake, akabaki mlangoni anatazama.

"Hariri hii hailali hivyo," akasema.

Thirkettle akageuka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi, na wigi lake halikukaa sawa hata siku za wageni. "Inalalaje?"

"Inamfuata mtu anavyopumua. Huyo wako hapumui, bwana."

Mwingine angemfukuza. Thirkettle mwenyewe alikuwa akilichukia lile sanamu kwa miaka, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini analichukia. Akamwonyesha pazia lililokuwa pembeni, akamwambia akalivae gauni.

Kuanzia hapo Keziah akawa anasimama siku tatu kila juma ndani ya nguo za wanawake wengine, na kusimama kwake hakukuwa kwa bure. Macho yake yalikuwa kwenye turubai ya kuchorea muda wote. Mwaka wa pili akawa anamchanganyia Thirkettle rangi. Mwaka wa tatu akawa anachora lesi za shingoni na za mikononi yeye mwenyewe, kwa sababu alijua kila uzi unatokea wapi na unaingilia wapi. Wateja waliisifu lesi, Thirkettle akainamisha kichwa na kupokea sifa. Keziah hakununa. Alijiona yumo mbioni, na bado ana pumzi.

Jambo moja tu lilimkera. Vidole vyake vilikuwa vimetobolewa na sindano tangu utotoni, na Thirkettle alivilainisha vyote, kila picha, mpaka vikawa kama mishumaa. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba mabibi hawana alama za sindano.

Majira ya mapukutiko ya mwaka wa nne akaja Bibi Honoria Lascombe kutoka Bristol. Alikuwa mjane wa mwenye kiwanda cha kamba za meli, na tangu mumewe afe alikiendesha mwenyewe kwa miaka ishirini. Maumivu ya magoti yalimleta Bath kwenye chemchemi za maji ya moto, na watoto wake ndio waliotaka achorwe. Alikaa kwa ajili ya uso, akaondoka. Picha ikamaliziwa kama kawaida, ikapelekwa alikofikia.

Baada ya siku mbili akarudi nayo. Watu wawili waliibeba mbele yake, naye akapanda ngazi nyuma yao, akisimama kila baada ya hatua nne kuyapumzisha magoti.

"Bwana Thirkettle," akasema alipopata kiti, "uso ni wangu, sina ugomvi nao. Ila mikono hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama, kama ilivyokuwa ujanani."

"Ujanani nilikuwa nasokota kamba. Haikuwahi kuwa hivi hata siku moja."

Thirkettle akamweleza habari za madaha na ulaini, na jinsi picha ya bibi inavyotakiwa kupendeza ukutani. Alisikilizwa kwa adabu, kama anavyosikilizwa mchuuzi anayesifia katani iliyolowana. Kisha mama yule akauliza tena, ni ya nani.

Keziah alikuwa nyuma ya pazia na gauni la manjano la mtu mwingine. Angeweza kunyamaza. Akatoka.

"Ni yangu, mama," akasema. "Ila na mimi nimepunguziwa." Akainyoosha mikono yake.

Bibi Lascombe akaishika, akaigeuza, akapapasa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilichokwaruza kama mbuzi ya nazi. Akacheka kidogo. "Basi tumedhulumiwa sote wawili."

"Nipe asubuhi moja nije nichore yako," Keziah akasema.

"Huyu ni mshonaji tu, mama," Thirkettle akasema.

"Na mimi ni msokota kamba. Aje kesho."

Mgeni alipoondoka, Thirkettle hakupiga kelele. Alimwambia Keziah kwa sauti ya chini kwamba amemwaibisha nyumbani mwake, na kwamba akienda huko kesho, asihangaike kurudi. Keziah alilivua gauni la manjano, akalikunjua vizuri na kulitundika, kisha akamuaga kwa heshima.

Kesho yake asubuhi alienda kwa Bibi Lascombe na chaki nyeusi, chaki nyekundu na karatasi za kijivu. Walikaa dirishani, mto Avon ukiwa chini yao, mezani mikate mitamu yenye sukari juu. Akaona mara moja kwamba hariri ilikuwa kazi rahisi. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, kilivunjwa na kamba iliyokatika. Pete ya ndoa ilikuwa imenaswa nyuma ya kifundo, haitoki tena. Karatasi ya kwanza aliikunjakunja, ya pili akaitupa pia. Bibi Lascombe hakuharakisha mtu. Alihadithia kila kovu lilikotoka, na kadiri alivyohadithia, mikono ikasahau kwamba inachorwa. Karatasi ya tatu ikakubali.

Mama yule aliitazama muda mrefu. "Huyu namfahamu," akasema. Akamwagiza aipeleke kwa Thirkettle, picha irekebishwe kwa kuifuata ile.

Keziah alipanda ngazi zile zile alizokatazwa, akauweka mchoro mezani. Thirkettle akausogeza kwenye mwanga. Akavua wigi, akaliweka kando.

"Vifundo hivi nani kakufundisha?"

"Wewe ulinifundisha kitambaa, bwana. Ngozi nayo ni kitambaa, imevaliwa muda mrefu tu."

Thirkettle akampa brashi. "Paka mwenyewe. Mimi nitaiharibu."

Ilimchukua siku tano. Bibi Lascombe alipoiona, alitaka majina mawili yaandikwe nyuma ya turubai. Thirkettle aliusugua mdomo wake kidogo, halafu akayaandika yote mawili, na la Keziah akaliandika kwa herufi zile zile kama lake.

Picha ikaenda Bristol. Binti mkubwa alilalamika kwamba mama yake amefanywa kibarua. Mama akamjibu kwamba hicho kibarua ndicho kilichomlea. Wasokota kamba wakaingia kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi, kuitazama. Habari zikasambaa miongoni mwa wanawake wa kazi. Akaja mkunga, akaja mke wa mpika bia aliyekuwa akipika bia yeye mwenyewe. Keziah akapanga chumba juu ya duka la mikate na kutundika kibao chenye jina lake. Thirkettle alimpelekea kiti chake kizuri cha wateja, akasema kinambana.

Mabibi wakubwa wa kumbi za dansi walichelewa kufika. Wa kwanza wao alikuwa msichana mwenye cheo, Bibi Araminta, aliyekuja peke yake na glavu ndefu mpaka viwikoni. Aliuliza kama ni lazima azivue.

"Si lazima, bibi. Upendavyo."

Akazivua. Kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Keziah akachonga chaki, akamuuliza azichore zilivyo au aziache nje ya picha.

Yule msichana akaiangalia mikono yake kwanza. "Zichore," akasema, akajiweka sawa kitini.