Kioo cha Baba na Jivu ya Mama

Rafiki yangu, wewe utanielewa. Juzi nilipata kijana wangu akipangusa miwani kwa sweta yenye vumbi, nikafoka. "Mathe, si ni vumbi tu?" akaniuliza mimi mamake. Vumbi tu! Hapo ndipo shida huanzia.

Nyumbani Gilgil, baba alikuwa na darubini kubwa aliyoachiwa na mzungu mwenye shamba. Ndani kulikuwa na kioo cha duara kama sahani. Jumamosi moja alikitoa, akakiloweka kwa karai, maji na sabuni kidogo, vumbi ilegee yenyewe. Alituahidi jioni tutaona mwezi. Akaenda kuchota maji safi.

Mama naye hakutaka Jumapili ikute kitu chafu kwake. Akachukua jivu na gunzi, akasugua kile kioo kama sufuria. Krr, krr. Bado nasikia.

Baba akarudi, akaangusha ndoo, akamuuliza mama: "Mama Ruth, umefanya nini?"

"Si nimekusaidia? Umeloweka tu kama maharagwe!"

"Ile rangi ya kung'aa imepakwa juu ya kioo, nyembamba kuliko utando wa maziwa. Umeitoa yote! Vumbi ningeishi nayo!"

Mimi nilidhani mwezi ulikuwa unakaa kwa kioo. Nikashika karai nikilia, maji isimwagwe. Mama akaninyang'anya, maji akamwagia mboga za sukuma wiki. Nikabaki hapo nikipekua majani moja moja nikiutafuta mwezi, na harufu ya jivu iliyolowa puani.

Siku hizi najua mwezi haukai kwa kioo. Lakini Mungu anisamehe, bado namkasirikia mama. Ukiona mtu ameshika kitambaa, tafadhali mpe hii stori kabla asugue.