Siku Fundi Nurdini Alipoacha Utani

Nyumba ya Mzee Ambrosi ina vyumba vinane, vinne kila upande wa korido, na bomba moja uani. Wapangaji tunamwita Baba Consolatha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Pasi ya mpangaji ikiharibika huitengeneza bure na kuirudisha ikiwa imefutwa vumbi, kisha husimama kidogo mlangoni akingoja kuulizwa ilikuwa na nini. Ukimuuliza, umempa zawadi.

Alizaliwa Kwihara, katika familia ya Wanyamwezi, wakulima wa karanga na mahindi, akaja mjini kijana na kuajiriwa reli. Miaka mitatu alibeba ngazi za mafundi umeme kabla ya kuruhusiwa kushika waya hata mmoja. Mpaka anastaafu, taa za stesheni zikizima, yeye ndiye aliyeitwa. Nyumba hii aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara ule, na mwaka 1989 akaitandazia nyaya peke yake. Mkewe Josepha, tunayemwita Mama Josepha, husema Jumapili mbili mfululizo Baba alikosa misa kwa sababu alikuwa darini. Kila mpangaji mpya huonyeshwa swichi ya chumba chake. "Mkono huu," Mzee husema akiunyanyua wa kulia, "ndio uliowasha taa hizi."

Mwaka ule kila chumba kilitakiwa kuwa na taa moja na redio. Siku hizi Elieth wa chumba cha kwanza ana friza la barafu na juisi za kuuza. Levina, mwalimu wa chekechea, anachemsha maji ya kumwogeshea mwanawe kwa hita. Kuna televisheni sita na pasi ambazo sijazihesabu. Jioni fyuzi ilikuwa ikiungua karibu kila siku, nyumba nzima giza, na watu wanaitana kwenye korido. Mzee alichoka. Akasokota waya mnene wa shaba, akauweka mahali pa fyuzi, na tangu hapo umeme haujakatika ndani kwetu hata mara moja. Tulimshukuru sana. Mama Josepha alipika maandazi.

Tulikuwa pia tumezoea kamba ya nguo. Ilikuwa ya waya, imefungwa kwenye msumari wa bati la paa upande mmoja na kwenye nguzo karibu na bafu upande wa pili. Wakati wa mvua iliuma. Mpangaji mpya alielezwa fagio linakaa wapi, na kwamba ukianika nguo vaa kandambili. Kwa nini waya unaobeba mashuka tu uume watu, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimesoma vya kutosha kuuliza. Lakini kumfundisha mzee wa miaka sabini na mbili kazi yake si jambo jepesi, nami nilivaa kandambili kama wengine.

Oktoba nyumba moja ya kupanga iliungua mitaa mitatu kutoka kwetu. Watu walitoka salama, vitu havikutoka. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao: kila mwenye nyumba aliyepangisha vyumba alete karatasi iliyosainiwa na fundi mwenye leseni, kabla ya Krismasi. Mzee Ambrosi alicheka njia nzima ya kurudi. Yeye akaguliwe! Mwishowe akamchagua fundi Nurdini, kwa sababu moja tu: Nurdini ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo ni mtani wake.

Utani wao ni wa tangu misafara, wakati Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani na kupita katika vijiji vya Wazaramo. Mpaka leo mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukamwongezea chai.

"Hodi kwa wapagazi!" Nurdini aliita siku hiyo akiwa bado nje, ngazi begani.

"Ingia, mcheza ngoma. Leo umebeba mzigo, umekuwa mtu."

"Nimebeba ngazi tu, mgongo unauma. Babu yako angebeba ngazi, pembe na mimi juu yake."

"Angekutupa njiani, Ugogo."

Tulitoka vyumbani kuwasikiliza. Nurdini alipima huku anatukana. Alifungua boksi la fyuzi, akautazama waya wa shaba, ambao hauwezi kuungua ukakata umeme wa hatari, akaita, "Mama Josepha! Huyu mumeo amefunga mlango wa jela kwa kamba ya mbuzi!" Aliufuata waya wa ethi, ule unaopaswa kupeleka umeme wa hatari ardhini, akaukuta umeoza na kuishia hewani. "Hata ardhi imemkataa Mnyamwezi." Akapanda darini juu ya chumba cha Levina, akashuka na utando wa buibui kichwani. "Panya wametafuna nyaya zote, mzee, zinagusa bati. Hata panya wa kwenu wana njaa. Nyumba hii ikifika Pasaka haijaua mtu, nitakubeba mgongoni kutoka hapa mpaka Bagamoyo."

Mzee Ambrosi alicheka mpaka akashika ukuta. "Utanibeba wewe? Huna mgongo, una shingo ya kuvalia shanga tu."

Nurdini alieleza kwamba nyaya zote zitolewe, umeme uzimwe siku kumi. Mzee akasema, "Mzaramo anatafuta hela ya pilau," tukacheka tena. Karatasi haikusainiwa. Jumapili ile Mzee aliirudia habari ya Bagamoyo nje ya kanisa, mara tatu, kwa watu watatu.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ya pili ya Novemba. Asubuhi ya Jumanne Levina alitoka kuanua nguo. Kandambili yake moja ilikuwa imekatika, akaenda pekupeku. Alishika waya na hakuuachia. Hakupiga kelele hata. Alikuwa anatetemeka na mdomo uko wazi, na mwanawe anamwita kutoka mlangoni. Mama Josepha alikuwa anatwanga. Alikuja na mchi, akampiga Levina mkononi kwa nguvu zake zote, na Levina akaanguka kwenye matope. Kiganja kilikuwa kimeungua mstari mweupe. Alikaa hospitali hadi kesho yake asubuhi.

Mzee alizima umeme mara moja. Alipanda darini mwenyewe, akakaa huko hadi adhuhuri. Alifunga utepe mweusi pale alipoona pametafunwa, akaikata kamba ya nguo, akaleta ya katani. Jioni akawasha. "Nimeshaitengeneza," alituambia, akaunyanyua mkono, lakini si juu sana.

Nadhani alikuwa na hofu. Mtu aliyeshinda darini Jumapili mbili ili watu wapate mwanga hawezi kuambiwa kwa siku moja kwamba mwanga ule umegeuka hatari. Alitaka iwe kosa la panya. Au la kandambili.

Mama Josepha hakubishana naye. Alijitanda khanga akaenda hadi kwa Nurdini. Alichomwambia nilikijua baadaye: "Mwanangu, ulisema kweli yote, lakini uliisema kwa utani. Na yeye kakusikia kwa sikio la utani."

Kesho yake Nurdini alikuja bila ngazi. Hakuita hodi kwa wapagazi. Alivua kofia, akasimama mbele ya Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Ambrosi alitabasamu akingoja yaliyobaki. Hayakuja.

"Umekula nini, Mzaramo? Unaumwa?"

"Shikamoo, Mzee Ambrosi."

Tabasamu liliondoka polepole. "Marahaba," alisema. Nilikuwa nafua karibu na bomba, nikaacha kufua.

"Leo si mtani wako," Nurdini alisema. "Nimekuja kama fundi. Siku ile nilikosea mimi. Ningekwambia kwa adabu, ungeogopa."

"Utani hauvuliwi kama kofia, Nurdini."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja." Alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Mzee, kazi ya mtani msibani unaijua. Watu wanalia, mimi navaa nguo za marehemu, natembea kama yeye, nalala kaburini nagoma kutoka mpaka nilipwe. Nimefanya kwa watu wengi wa huku na nikala nikashiba. Sasa niambie. Levina angekufa jana, ningevaa gauni lake? Ningepita hapa uani naigiza anavyoanika nguo, mtoto wake ananitazama?"

Mzee alitazama nguzo ya bafu.

"Kazi hiyo siitaki," Nurdini alisema. "Nyaya zako zilikuwa nzuri. Nimeziona, mzee, mikunjo yake imenyooka, vijana wa leo hawawezi. Lakini ni za watu wanane wenye redio, na zimezeeka. Nasikia utepe ulioufunga jana umefunika mahali pamoja. Mimi niliona kumi na nne."

"Kumi na nne."

"Ni hapo nilipofikia tu."

Kuku walisogea kuja kudonoa miguuni pao. Mzee Ambrosi aliutazama mkono wake wa kulia, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na kitu. "Macho, Nurdini," alisema kwa sauti ndogo. "Darini jana nilikuwa napapasa. Sikuwa naona."

Aliinuka, akaenda kwenye boksi, akashusha swichi kubwa. Friza la Elieth likanyamaza. Kisha akamwomba Nurdini koleo, akauchomoa ule waya wa shaba mwenyewe na kumkabidhi.

Hakutuma mtu kutupa habari. Alianza mlango wa kwanza, akabisha.

"Elieth, mwanangu. Nimezima umeme. Nyumba yangu haiko salama. Ni siku kumi, pengine zaidi."

"Siku kumi! Baba Consolatha, na barafu zangu? Na juisi?"

"Najua. Zipeleke kwa Mama Josepha, atazungumza na dada yake mwenye friji. Kodi ya mwezi huu usilete."

Elieth, kwa vile ana mdomo, akasema, "Sasa si utengeneze wewe leo leo, yaishe? Si wewe ndiye fundi?"

"Fundi ni Nurdini," Mzee alisema. "Mimi ni mwenye nyumba."

Akasogea mlango wa pili. Levina ndiye aliyefungua, kiganja kimefungwa bandeji, mtoto amemshika sketi. Mzee Ambrosi alivua kofia yake. Kabla ya kumwomba radhi, aliomba kwanza aruhusiwe kukaa.