Spika ya Bukari

Pale Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni zinazofanana kama sahani za seti moja, Hénock Nkongolo alijulikana kwa mambo mawili: muziki wake wa kompyuta na maringo yake. Muziki ulistahili sifa. Ulitoka mzito, wa joto, wenye mikwaruzo, hata wachimbaji waliotoka shimoni hoi walisimama mlangoni wakacheza. Ukimuuliza siri, alikunja uso kama profesa.

"Ni technique. Miaka saba ya masomo."

Masomo gani! Siri ilikuwa spika kuukuu ya marehemu baba yake. Ilipopasuka, mama yake, Mama Domitille, aliiziba kwa kipande cha gunia na bukari, ule ugali uliobaki jana. Hénock aliupitisha wimbo humo, akatega mikrofoni mbele yake, akarekodi upya. Basi, ni hivyo tu.

Siku moja ikaja habari: Mama Henriette, mchaguzi wa wanamuziki wa tamasha kubwa la Lubumbashi, angekuja kumsikiliza. Hénock alifurahi mpaka akatoa machozi. Nafasi hiyo aliiombea miaka mingi. Lakini mgeni wa heshima aonyeshwe bukari? Akaisukuma spika uvunguni mwa kitanda cha mama yake, akaazima nyingine inayong'aa kutoka baa ya Gradi.

Mgeni akaketi. Sauti ikatoka safi lakini imepooza, kama chai ya hospitali. Mama Henriette akafunga mkoba.

"Ile joto iko wapi?"

"Ni... technique mupya," Hénock akajibu, jasho likimtiririka.

Mama Domitille alisikia yote toka jikoni. Akaingia na spika kichwani, gunia likining'inia.

"Mama, huyu mutoto asikudanganye. Ni mi njo nilibandika hii spika na bukari."

Hénock alitamani ardhi impasukie. Wakaiunganisha. Mabati yakatetemeka, na mgeni akavua viatu akacheza.

"Mama, bukari ya namna gani?" mgeni akauliza.

"Ya mahindi na muhogo kidogo. Ya mahindi tupu inapasukaka."

Baada ya wiki mbili barua ya tamasha ikafika. Mstari wa kwanza: Domitille, fundi wa sauti. Wa pili: Hénock, mbeba spika. Aliisoma mara tatu, akidhani wamekosea mpangilio.

"Mama, utaenda?"

"Nitaenda. Lakini weye tata, mutoto wangu, ubebe muzuri."

Siku ileile profesa akaanza somo lake la kwanza: kukunja ngata ya kichwani.